Mgeni Msumbufu wa Jumamosi

Siku ile naikumbuka kwa viganja vya mikono, mwanangu, maana macho yangu yalikuwa yamefungwa kwa leso ya maua, nami nimesimama mtaa wa Ngara katikati ya watu nikijiuliza nimeingiaje katika jambo hili.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa kijana mwongoza watalii, na kazi ilikuwa imenichosha. Nilitoka Kakamega baada ya kidato cha nne, nikakaa Kawangware, nikaenda Naivasha, nikarudi na kupanga chumba mtaa wa Satellite. Mimi ni mtu wa miguu myepesi. Hata leo, nikikaa mahali kwa muda naanza kupakumbuka nilipotoka. Leseni nilikuwa nayo, shati safi nilikuwa nalo, ila simu yangu haikulia. Wageni walipita katikati ya mji na waongozaji wengine huku mimi nikiwatazama. Basi nikaamua: Jumapili naenda Mombasa kutafuta kazi yoyote, na hii ya kuongoza watu naiacha kabisa. Begi nililifunga mapema, likakaa nyuma ya mlango.

Nikaenda kumuaga Mzee Njoroge. Yeye ndiye aliyesimamia mafunzo katika chama chetu cha waongoza watalii, mtu wa Kinoo, ambaye jamaa zake waliishi kule kabla barabara haijatiwa lami. Nilimkuta kwenye hoteli ndogo ya Ngara akinywa chai.

"Naenda, mzee. Hapa hakuna kitu."

"Chama umekifanyia nini?"

"Ada nalipa kila mwaka."

"Hiyo umelipa. Nimeuliza umefanya nini." Akaweka kikombe chini. "Kampuni zikinipigia kuuliza nani ni mzuri, niseme nini juu yako, Shikuku? Niwaambie una risiti?"

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, kwa sababu aliyasema bila hasira.

"Jumamosi kuna mazoezi ya vijana," akasema. "Mgeni wetu msumbufu ana harusi ya dada yake. Njoo ushike nafasi yake, halafu uende hiyo Mombasa yako."

Pengine hujaiona desturi hii, nikueleze. Kijana akikaribia kufanya mtihani wa leseni, wanachama wenyewe hujifanya wageni naye huwatembeza mjini. Mmoja wao huwa msumbufu. Huyo huuliza kunguru anaitwa nani, hudai choo mahali pasipo na choo, hununa kwa sababu ya jua. Halipwi mtu. Unakuja kwa nauli yako na chai unajinunulia. Nilikubali kwa kumwonea haya mzee tu.

Jumamosi nikafika Ngara na maswali yangu ya kukera. Mzee Njoroge akatoa leso mfukoni.

"Leo mgeni wetu haoni," akasema, akanifunga macho.

Kijana wa kutuongoza alikuwa msichana aitwaye Nafula, mgeni wa mji kutoka upande wa Bungoma. Sauti yake ilitetemeka.

"Shika kiwiko changu, bwana mgeni. Aki nikikugongesha nguzo, usiseme nimefeli."

"Mimi ni mgeni, sielewi Kiswahili."

"Na mbona umejibu?"

Wenzetu wakacheka, naye akapata nguvu ya kuanza. Alianza na yale aliyoyakariri. "Upande wa kulia mnaona jengo la..."

"Sioni," nikasema. Ndiyo kazi niliyopewa.

"Kule mbele kuna..."

"Sioni, dada."

Nilisikia pumzi yake, nikajua machozi hayako mbali. Nami pia nilikuwa nawaza begi langu, na kwamba mchezo huu uishe niende zangu. Kisha akanivuta pembeni, nje ya njia ya watu.

"Sawa. Basi nyamaza usikie."

Nikasikia. Nguo za mitumba zikisukumwa kwenye vyuma, mwanamke akiapa kwamba bei hiyo ni ya asubuhi tu, mtu akikata miwa. Tukateremka, na ghafla ubaridi ukanipiga mashavuni.

"Mto uko chini yetu," Nafula akasema. "Huo ubaridi ndio wenyewe."

Mwanangu, nilikuwa nimevuka pale siku zote nikiziba pua. Sikujua kwamba mji wetu una mto unaoweza kukugusa uso.

Tukapanda hadi katikati ya mji. Chini ya viatu vyangu kukawa na vitu laini vinavyopasuka.

"Ni nini hiyo nakanyaga?"

"Maua ya jakaranda. Kanyaga polepole, yanalia." Na kweli yalikuwa yakilia, tap, tap, kama midomo midogo.

Kisha akaushika mkono wangu, akauweka ukutani. Lilikuwa moja ya majengo ya zamani ya mawe. Nilikuwa nimewaleta wageni pale mara nyingi, nikawatajia limejengwa lini, tukapita. Sikuwa nimeligusa hata siku moja.

"Pole pole na vidole," akasema. "Hizo ni alama za patasi. Kila jiwe limechongwa na mtu kwa mkono."

Nikapapasa. Mistari midogo, mingine imenyooka, mingine imepinda pale ambapo mchongaji labda alichoka au aliitwa na mwenzake. Nikainua mkono juu, alama. Nikashusha, alama. Nikasogea kando, ukuta hauishi na alama haziishi. Nywele zilinisimama. Watu wangapi, mwanangu? Hakuna anayewajua kwa majina, na mikono yao bado iko pale, unaweza kuishika.

Nyuma yangu Mzee Njoroge akasema kwa sauti ya chini, "Babu yangu alichonga mawe kule Kinoo. Sijui kama hapa kuna lake."

Naye akaweka mkono. Kisha mwingine. Waongozaji wale ambao siku za kazi walinyang'anyana wageni, wote wakasimama bega kwa bega, viganja ukutani, mpaka askari wa mlangoni akaja mbio.

"Nyinyi! Mnasukuma jengo la wenyewe mlipeleke wapi?"

"Tunalisalimia," Nafula akamjibu.

Askari akatutazama, akaligusa kidogo kwa kidole, akarudi mlangoni.

Niliifungua leso mwenyewe. Jua lilikuwa kali, na mji niliotaka kuukimbia ulikuwa mbele yangu kana kwamba umeletwa asubuhi ile. Siku iliyofuata nililifungua begi.

Jumamosi zilizofuata nilirudi kuwa msumbufu, bila kuitwa. Nafula alipata leseni yake. Baadaye kampuni moja ikampigia Mzee Njoroge: kundi la wageni wasioona linakuja, nani anaweza? Sikuwepo pale, lakini niliambiwa kwamba alitaja jina langu kabla swali halijaisha. Simu yangu ikalia. Na mpaka leo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, na miguu yangu myepesi imepata pa kuzungukia.

Kwa hiyo, mwanangu uliyejiunga na chama juzi, ada lipa, lakini usiishie hapo. Omba kazi ambayo haina malipo na ambayo wengine wanaikwepa: kupanga viti, kuwapokea wapya, kuwa mgeni msumbufu. Hapo ndipo wenzako watakujua jinsi ulivyo, na watu humtaja yule wanayemjua. Lakini usiende kwa hesabu ya simu tu. Nenda kwa sababu kazi yako ina mambo makubwa ambayo peke yako huwezi kuyaona, na labda atakayekuonyesha ni msichana anayetetemeka.

Mungu akupe wenzako wa kushikana nao kiwiko. Na siku macho yako yatakapouchoka mji huu, akutumie mtu wa kuyafunga kidogo.