Kesi ya Lango la Yadi

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishtua. Niliacha shule darasa la sita, nikauza mbao za mikaratusi kwa mkokoteni, na leo niko na yadi ya mbao nje ya mji wa Nyeri, misumeno mitatu, na lori linalofika Kutus na Nanyuki. Watu wenye digrii hunijia kuomba kazi.

Basi jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliposimamisha nguzo na waya kwenye njia ya lango langu akidai futi nane ni zake, sikutetemeka. Lakini bila njia hiyo lori haliingii, na lori lisipoingia sina yadi, niko na kiwanja cha vumbi la mbao tu. Nikamshtaki.

Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Miaka miwili! Mbao zikawa zinashushwa barabarani na kubebwa mabegani hadi ndani, na wateja wakaanza kunihama mmoja mmoja.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeona mahakama ya wenzetu. Kuna wakati mnunuzi wa Arusha alikataa kulipia mbao zangu, tukapelekana mahakama ya mwanzo ya huko. Hakimu mmoja, wazee washauri wawili kando yake, mambo yote kwa Kiswahili. Nilieleza kwa mdomo wangu mwenyewe, hakimu akaandika kwa mkono, na wiki ya tatu nikashinda. Ndiyo maana siku moja nilimwambia wakili wangu, dada mmoja kijana wa maneno marefu, apumzike.

"Nitajitetea mwenyewe."

"Mzee, hapa si Arusha."

"Sheria ni sheria. Wewe unataka tu kunila pesa."

Siku ya kesi nilivaa suti niliyoshonesha kwa harusi ya binti yangu. Saa mbili kamili nilikuwa mahakamani na faili yangu na picha za lango. Nikakaa kwenye benchi peke yangu. Saa nne nikamwendea karani.

"Mzee, kesi yako haiko hapa," akasema. "Ilikuwa kwa mtandao. Hukupata linki?"

"Linki gani? Mimi nimekuja na miguu yangu!"

"Ilitumwa kwa emaili."

Emaili hiyo nilifunguliwa na binti yangu tulipokuwa tukitafuta leseni, na tangu hapo sijaigusa. Ati hakimu aliniita mara tatu kwenye skrini, asisikie mtu, akaitupilia mbali kesi yangu na kuniamuru nimlipe mwalimu gharama zake. Nilikuwa nimekaa mlango wa pili kutoka kwake!

Mwalimu alihudhuria akiwa sebuleni kwake. Nilimkuta langoni akikaza waya.

"Karibu, wakili," akasema. "Tulikungoja sana huko hewani."

Nilirudi kwa yule dada, nimeinamisha kichwa. Akasema kesi inaweza kufufuliwa, labda mwaka mmoja, labda miwili. Nikawaza lori, nikawaza wateja waliobaki. Nikamwambia aandike mkataba wa kununua zile futi nane kutoka kwa mwalimu.

Sijui nani alitunga sheria ya kumwangusha mtu aliyefika na kumpa ushindi mtu aliyebaki nyumbani. Ninachojua ni kwamba njia yangu mwenyewe niliinunua, na ukijumlisha bei ya mwalimu, gharama zake, ada za wakili na mpimaji wa ardhi, zilinitoka shilingi laki sita, themanini na saba elfu, mia nne na hamsini.