Rudia Polepole, Bibi

Kila nikinusa sanitaiza, namkumbuka bibi mmoja wa mtaani kwetu Minto, huko ughaibuni, Mwevenki kutoka Siberia, ambaye mama yangu alikuwa akimtunza. Korona ilikuwa imefunga shule, basi nilishinda naye mezani huku msomi fulani wa lugha, mwenye sauti ya upole, akimrekodi kwa simu ya video.

Siku hiyo bibi alisema kitu kwa Kievenki, akakwama, kisha akatufasiria: “Dada yangu amekufa. Ni yeye tu aliyekuwa akinijibu kwa lugha hii.”

“Pole sana,” alisema msomi. “Hebu rudia polepole. Kilio kimefunika ile irabu ndefu.”

Bibi akarudia. Akaambiwa tena. Mara ya mwisho hakulia kabisa.

“Safi,” alisema msomi, akichora kistari juu ya irabu. “Haya, na sufuria mnaiitaje?”