Droni Uani kwa Bi Zuhura

Nimeona bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Tooting, London, maana huko inasimuliwa kwa namna ambayo mimi ni jambazi kamili, na wapo walionivika mpaka kofia ya kuficha uso, wakati ukweli ni kwamba siku ile sikuwa na kofia wala akili. Aibu ni yangu, nimeikubali. Basi angalau niisimulie kwa kipimo chake.

Asubuhi hiyo nilitoka Thornton Heath na begi langu bila kujua nakwenda wapi. (Kwangu si ajabu, tangu nilipoacha shule kidato cha pili kule Morogoro nimetoka sehemu nyingi bila kujua nakwenda wapi, na mara nyingi nimefika.) Nilikuwa nalala kwenye kochi la Espoir, rafiki yangu Mkongo wa Uvira tuliyejuana kwenye kazi ya usafi, mtu mwema kabisa, lakini jana yake alinijia huku anajikuna shingo, nikajua tu. "Ndugu yangu," akasema, "dada ya madame anafika kesho na watoto. Hii kochi, ndugu, sasa iko ya familia." Nikamwambia hamna shida, ndugu. Shida ilikuwepo, ilikuwa kubwa, ilikuwa ni kwamba usiku wa kesho yake sikuwa na pa kuweka ubavu.

Espoir hakuniacha hivi hivi. Alinipa namba ya mzee mmoja wa Kizanzibari, Mzee Haroub, aliyekuwa na chumba cha kupangisha huko Tooting, kile cha juu kabisa chini ya paa. Nikampigia nikiwa kituo cha basi, akapokea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha uvunguni.

"Chumba kipo, mwanangu. Lakini usije sasa hivi, njoo baada ya magharibi. Leo nyumba si yetu, sisi wanaume tushatolewa nje."

Nikacheka nikidhani ananitania, nikasema sawa mzee, naye akanitumia anwani. Sikuuliza wametolewa kwa nini. Lishikeni hilo. Mimi ambaye huuliza kila kitu, mimi niliyewahi kumuuliza dereva wa basi la ghorofa kama akikata kona huwa anawaonea huruma wa juu, siku moja tu niliyotakiwa kuuliza, nikanyamaza.

Sasa nieleze habari ya droni. Niliinunua mbovu kwa mtu aliyekuwa anahama, nikaifungua, nikaichezea wiki nzima mpaka ikaruka. Ni ndogo, ukiikunja inaingia mfuko wa koti, ina mapanga manne na kamera moja, na picha unaziona hapo hapo kwenye simu iliyobanwa kwenye rimoti. Nilifanya mtihani wao wa mtandaoni wa kurusha droni nikapita (mtihani pekee niliowahi kupita bila kuibia), nikabandika namba yangu ubavuni mwake kama sheria inavyotaka, na nikaanza kumpigia picha za mapaa fundi mmoja wa Croydon, ili asiwe anapanda ngazi kumbe kigae kilichovunjika kiko upande wa pili. Kwa hiyo mapaa nayajua. Na kwa sababu nayajua, nayaogopa, maana niliwahi kupanga chumba cha chini ya paa kule Barking kikavuja mpaka viatu vyangu vikaota ukungu wa kijani, na nikilala nasikia tone, nalisubiri la pili, lisipokuja ndiyo siwezi kulala kabisa.

Nikafika Tooting mchana mapema, jua limetoka lakini upepo unasukuma. Magharibi ilikuwa mbali sana. Nikanunua sambusa kwa mama mmoja wa Kihindi ambaye aliposikia lafudhi yangu akaniuliza kwa Kiswahili alichotoka nacho Kampala kama nimeshakula kweli au nazuga tu, nikaenda kukaa kwenye kipande cha nyasi upande wa mbele, mwisho wa safu ya nyumba. Nikahesabu madirisha, nikaipata ya Mzee Haroub, lakini kutoka pale chini, kwa upande wa paa, nilichoweza kuona ni ncha ya bomba la moshi tu. Wasiwasi wa Barking ukanipanda. Nikajiambia, hebu nirushe mara moja, nilione paa, kama ni bovu nijue mapema, nirudi chini. Dakika mbili. Nani atajua?

Ikapanda vizuri, paa likaja kwenye kioo, nikalipitia taratibu kama daktari, vigae vimelala sawa, mfereji umesafishwa, moyo ukaanza kutulia. Karibu na bomba la moshi nikaona kitu cheusi. Je, ni kigae kimetoka, au ni kivuli? Hapo hapo simu ikapiga kelele: betri inakwisha, nirudishe? (Betri yenyewe ya mtumba, upepo ukivuma inazeeka ghafla.) Jamani, hapo ndipo nilipokosea. Nikabonyeza hapana. Nione kidogo tu.

Nikasogea, nikakitazama, nikakubali kwamba ni kigae kimetoka, na nilipogeuza kurudi nikakuta upepo umesimama usoni mwa droni kama mlinzi mlangoni. Nasukuma mbele, haiji. Nasukuma tena, inarudi nyuma, inavuka paa upande wa uani, na simu ikabadilisha lugha, haikuuliza tena, ikanitangazia kwamba betri imekwisha na chombo kinatua chenyewe hapo kilipo. Kikifika hapo hakikubali kupanda. Kinakubali tu kusukumwa kidogo kushoto na kulia wakati kinashuka.

Nikainamisha kamera nione kinatua wapi. Nikaona rangi. Mikeka, mito, vitambaa, masinia, vichwa. Wanawake ua mzima, mabuibui yametundikwa kwenye kamba, nywele zimefumuliwa, mikono na miguu imenyooshwa inapakwa hina, na katikati yao mmoja amekalishwa peke yake, amezungukwa.

Nikaelewa kwa nini wanaume wametolewa nje.

Sasa nifikirieni mimi pale kwenye nyasi. Nimelelewa. Mama yangu angeniona anaweza kunikana. Adabu inaniambia funga macho. Lakini nikifunga macho, mapanga manne yanayozunguka yanashuka juu ya kichwa cha mtu, pengine bi harusi mwenyewe. Nikitazama ni dhambi, nisipotazama ni damu. Nikafumba jicho moja. (Msicheke, wakati ule niliona ndiyo nusu ya heshima.) Nikawa naangalia mikeka tu, natafuta mahali pasipo na mtu, naomba kwa sauti, jasho linanitiririka kwenye upepo wa baridi, na kila sekunde wanakua wakubwa kwenye kioo. Wakaisikia. Nyuso zikageuka juu zote kwa pamoja. Droni ile haileti sauti kwenye simu, lakini sikuhitaji, ukelele ulinifikia wenyewe kwa kuvuka paa.

Kanga zikaruka, ndara moja ikapita karibu na kamera, na mama mmoja mnene akanyanyua sinia la shaba akamfunika bi harusi, akasimama hapo amelishika juu kwa mikono miwili, hata hakuinama. Nikaona upenyo karibu na mlango wa jikoni, hapana mtu, pana beseni tu la plastiki. Nikasukuma huko. Ikatua ndani ya beseni. Kitu cha mwisho nilichoona kabla kioo hakijawa cheusi ni kwamba beseni limejaa simu, zote walizokusanya mlangoni ili mtu asipige picha.

Nilifikiria kukimbia, siwafichi. Begi lilikuwa begani tayari. Lakini ubavuni mwa ile droni pana namba yangu, na mbele yangu hapana kochi. Nikiwa nimesimama hivyo, simu ikaita. Mzee Haroub.

"Kijana, usije hata magharibi. Hapa pana balaa. Kuna mhuni katuletea mdege uani kwa wanawake, mke wangu Bi Zuhura anataka damu."

"Mzee," nikasema, "mhuni mwenyewe ndiye mimi."

Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, "Ndiye mpangaji!"

Nikaenda hadi mlango wa mbele. Wanaume walikuwa ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimefungwa, masahani mapajani, wananitazama kama samaki waliomo kwenye chupa. Hakushuka hata mmoja. Mzee Haroub aliteremsha kioo kidogo tu akanionyesha mlango kwa kidole, akakipandisha. Nikagonga.

Alifungua yule mama wa sinia, ndiye Bi Zuhura mwenyewe, sasa kajitanda kanga mbili, droni yangu kaining'iniza kwa mguu wake mmoja kama panya aliyekufa. Nyuma yake msichana wa miaka kumi na saba hivi, mjukuu wake Sabra, amekumbatia beseni.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiangalia zulia.

"Usinishikamoo! Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Nilikuwa natazama paa."

"Paa! Mabinti zangu ndiyo paa? Bi harusi ndiyo paa?"

"Bibi, he's literally shaking," Sabra akasema.

"Na atetemeke! Mikono haijamwanguka."

Nikaeleza yote, Espoir, kochi, Barking, viatu vya ukungu, betri ya mtumba. Kadiri nilivyoeleza nilizidi kusikika mwongo. Bi Zuhura akanisubiri nimalize, akanyoosha kiganja. "Picha ziko wapi?" Nikachomoa ile kadi ndogo kwenye droni nikampa. Humo mlikuwa na kila nilichopiga tangu nianze kurusha, mapaa ya watu, bustani, na mto wa Thames siku ya ukungu, picha niliyojivunia kuliko zote. Sabra akaleta mkasi wa jikoni. Bi Zuhura akaikata mara mbili mbele yangu.

"Basi, yamekwisha," akasema.

Na yangeweza kwisha hapo. Wala hawakujua zaidi. Lakini nilimfikiria yule aliyekuwa chini ya sinia, amefunikwa siku yake yenyewe kwa sababu yangu, halafu kesho anaolewa hajui kuna nini kwenye simu ya mtu asiyemfahamu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Hayajaisha, mama. Simu nayo huweka nakala yake, hafifu, lakini ipo."

Bi Zuhura akaniangalia kwa mara ya kwanza usoni. Nikampa simu Sabra, nikamwelekeza aingie wapi na afute nini, mimi nimegeukia ukuta. Alifuta, akatafuta tena, akamwambia bibi yake, "It's gone. He could've just not told us." Bibi akajibu, "Nimesikia, angeweza kunyamaza, miye si kiziwi."

Hapo Mzee Haroub alikuwa amejitokeza kizingitini, sahani bado mkononi. Akakohoa. "Basi kijana aende zake, ee? Chumba nitampa mwingine."

"Aende wapi?" Bi Zuhura akamgeukia. "Akatusimulie Landani nzima? Huyu katuona. Akitoka leo ni mtu wa nje, na mtu wa nje ana mdomo. Akilala humu ni wa nyumbani." Akanigeukia mimi. "Kakae garini na wanaume mpaka magharibi. Na hichi kidude chako nakiweka kabatini kwangu, ufunguo ninao miye."

Nikakaa garini. Walinisogezea sahani ya pilau, hakuna aliyenisemesha mpaka adhana ilipolia kwenye simu ya mmoja wao, akaniuliza taratibu, "Na ndara, ilikupata?"

Jioni Mzee Haroub akanipandisha ngazi hadi juu. Kitanda, dirisha la paa, kabati dogo, na pembeni karibu na ukuta wa bomba la moshi pana ndoo, ndani yake maji kidogo.

"Hapo pana kigae kimetoka," akasema. "Ungeniuliza tu ningekwambia."

Siwaahidi mengi, ila hili nimeapa: kabla sijanyanyua kitu juu ya nyumba ya watu, nitagonga kwanza mlango wao wa chini. Na mkiniuliza bi harusi alivaa nini, au alikuwaje, nitawaambia kwamba paa la Bi Zuhura ni zima isipokuwa kigae kimoja, na kwamba ndoo iko upande wa kichwani kwangu, na kwamba nalala.