Maji ya Kunawa katika Hoteli ya Ushirika

Nimenung'unikia mambo mengi katika umri wangu, lakini mawili sikuyaacha kamwe: michezo ya kuigiza na huduma ya hotelini. Watu hunishangaa nikiyataja pamoja. Mimi naona ni jambo moja. Kote kuwili wewe unapewa nafasi yako, mwenzako anapewa yake, mnaambiwa anzeni, kisha mmoja wenu anaharibu.

Nianze na mchezo. Tulipokuwa watoto pale Kanyenye, Tabora, tulikuwa na mchezo tulioupenda kuliko gololi na mpira wa matambara, nao ni msafara. Babu zetu wengi walikuwa wapagazi, walibeba pembe mpaka pwani wakarudi na nguo, na habari zao tulizisikia barazani kila siku. Basi mmoja wetu alikuwa kirongozi, anatangulia na fimbo na baragumu la kibuyu. Sisi wengine tulikuwa wapagazi, kila mmoja na matofali mabovu au tita la majani kichwani. Safari ilikuwa ya kwenda Ujiji. Tulitokea nyuma ya maduka, tukakata mtaa wa Cheyo, tukaishia kwenye mtaro mmoja nje ya makazi ya watu.

Njiani alikaa mtoto juu ya kinu kilichopasuka. Huyo ndiye mtemi, na kazi yake ni kudai hongo, ushuru ambao misafara ya zamani ililipa ili ipite katika nchi ya mtu. "Mnakwenda wapi?" Ujiji. "Toeni hongo." Tunatoa majani, tunapita. Siku moja nilimwambia kwamba sisi ni jamaa zake, tumekuja kumjulia hali. Nikangoja aone haya, au atukaribishe, au hata atufukuze. Akasema, "Toeni hongo." Siku nyingine nilijitenga na wenzangu nikashika njia ya kushoto, nikitumaini nitakutana na jambo. Kirongozi akanifuata na fimbo yake.

"Kushoto hakuna kitu," akasema.

Na kweli hakukuwa na kitu, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kupafikiria. Nikarudi kwenye mstari. Tulipofika Ujiji tulisimama kando ya ule mtaro, mkavu kama kisigino, kirongozi akanyoosha fimbo akatangaza kwamba ziwa ndilo hilo. Kisha ikasikika adhana ya magharibi, kila mtu akaenda kwao. Jasho lote lile, shingo inauma, na ziwa lenyewe halina hata tone! Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika. Sikutaka makubwa. Nilitaka mchezo ambao mtu akichagua vingine, kitu kinageuka.

Nikakua, nikajifunza ushonaji, nikapata nafasi ya cherehani yangu kwenye baraza la duka. Uhuru ukaja tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Kisha ikaja siasa ya ujamaa, na hoteli iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, ambayo zamani ilikuwa ya mtu mmoja, ikawa ya ushirika. Mlangoni waliandika kwa chokaa: KARIBUNI, HII NI MALI YETU. Nilifurahi kwa dhati. Mimi nilikuwa kapera, ninaishi chumba kimoja, na chakula changu cha mchana kilikuwa cha hoteli. Nikasema sasa nitakula kwangu.

Nilikuwa sijamjua mhudumu wake. Alikuwa mtu wa rika langu, mrefu, shati jeupe ambalo nililishona mwenyewe na kola yake ilikaa vizuri sana. Kila ukiingia anakutazama kama uliyekuja kuomba moto. Unamwambia kikombe kimepasuka, anajibu, "Si changu, ndugu. Hoteli si yangu, ni yetu sote." Unamwambia maharage yamepoa, anajibu kwamba hayo nayo ni yetu sote. Mezani hakuletei kitu mpaka ukate tamaa, ukitegemea kwamba subira huvuta heri. Pale subira ilivuta inzi.

Siku moja niligonga glasi kwa kijiko ili anione. Alikuja kwangu polepole, akainama.

"Ndugu fundi, baba yangu aliitwa kwa kengele na Mzungu maisha yake yote. Mimi sitaitwa kwa kengele, wala kwa kijiko. Mimi si boi wa mtu."

Alisema kweli. Nami sikupenda mtu yeyote aitwe kwa kengele. Lakini mimi sikuwa Mzungu, nilikuwa mtu mwenye njaa! Uhuru aliupata yeye na mimi niliupata, sasa mbona tunakaa tukitazamana kama mtemi na wapagazi? Nilirudi kwenye cherehani nikiwaza kwamba baina ya kengele na dharau lazima kuna njia nyingine, ila hakuna aliyejisumbua kuipitia.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda mtu. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, binti wa kijiji cha Ipole, anaishi Cheyo kwa mama yake mdogo. Alileta gauni nilipunguze kiuno, akarudi kusema nimelipunguza mno, akarudi tena kusema sasa limepwaya, mpaka nikaelewa kwamba gauni halina kosa. Tukakubaliana. Lakini yeye alikuwa mtu wa kushika desturi za kwao, hakutaka nitume mshenga kabla baba yake hajaniona kwa macho.

"Baba anakuja kuleta asali ushirika," aliniambia. "Atafika na lori asubuhi, atarudi nalo alasiri. Amesema atakutazama."

"Basi atakula kwa shangazi yangu."

"Hawezi. Baba hali nyumbani kwa mtu anayetaka jambo kwake. Anasema ukishakula cha mtu, mdomo unakuwa mzito kumkatalia."

"Akija kwangu je?"

"Huko ndiko asikoweza kabisa. Hoteli ya ushirika anaweza. Ile si ya mtu."

Katika Tabora nzima, mahali pa kunipatia au kuninyima mke ni pale! Mzee akiona ninavyotazamwa na yule mhudumu, atasema nini? Atasema huyu hata mjini kwao hahesabiwi. Na ukweli ni kwamba bila binti yule sikuona maisha yangu yakiwa na ladha. Nilikuwa nimeanza hata kuacha kunung'unika, jambo lililowatia wenzangu wasiwasi.

Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea, akasema tufanye mazoezi. Yeye atakuwa mkwe, mimi niwe mimi. Nilimwambia sipendi michezo hii. Akaniambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaa." Akajifunga kilemba, akakunja uso, akaanza kudai pilau, akadai kuku, akadai mguu wa kuku na si kidari, akauliza kwa nini chai haina iliki. Nikajifunza kujibu kila dai kwa adabu. Tulirudia hata jirani wakaja kutazama. Nilikwenda kulala nikiwa na jibu la kila kitu ambacho mzee angeweza kutaka.

Siku yenyewe nilikutana naye msikitini baada ya adhuhuri. Alikuwa mzee mwembamba, mikono ina makovu ya nyuki, nguo zinanukia moshi na nta. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Basi. Tukatembea mpaka hotelini, nikaingia huku nasoma dua zote nilizofundishwa madrasa.

Tukakaa. Mhudumu akatuacha kiasi, kama kawaida yake, kisha akaja akasimama mbele ya mzee, mikono nyuma.

"Unakula nini?"

Mzee akatazama meza. "Nimeshiba," akasema.

Mhudumu akageuka akaenda zake.

Tangu Ipole, alfajiri, juu ya lori la tumbaku, ameshiba! Mazoezi yote ya shangazi hayakuwa na neno hilo. Tulijiandaa kwa mkwe anayedai kila kitu, akaja mkwe asiyedai chochote. Ndiyo maana nachukia michezo ya kuigiza, inakuandaa kwa jambo ambalo halitatokea.

Kisha nikaelewa, na nilipoelewa nikaona haya kwa niaba ya mji mzima. Kwao mgeni haulizwi anakula nini. Ukimuuliza umemwambia kwamba chakula hakijapikwa kwa ajili yake, na yeye ili asikuaibishe atakujibu ameshiba, hata kama utumbo umeshikana na mgongo. Hata kwetu mjini tulilelewa hivyo. Hoteli ndiyo iliyotuzoesha kuulizwa kama washitakiwa. Mgeni huletewa maji ya kunawa, na maji yakishafika, hana haja ya kukubali wala kukataa.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumfuata mhudumu nikamfokee, na niliitamani sana, maana nilikuwa na maneno ya miaka. Ya pili haikuwa njia ya mteja. Nikaishika hiyo.

Nikainuka, nikaingia nyuma ya kaunta, nikachukua birika la maji ya moto, beseni, na taulo lililokuwa limetundikwa msumarini. Nikalitupia taulo begani. Nikaja nikachutama mbele ya mzee, nikamwambia, "Karibu, baba." Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuonane. Akanyoosha mikono. Nikammiminia polepole, maji yakapita kwenye yale makovu, akasugua mpaka kwenye viwiko kama mtu aliyetoka safari.

Watu mezani walikuwa wameacha kutafuna. Nikaenda dirishani, nikamwomba mpishi ugali na nyama na mboga ya karanga, nikabeba sinia mwenyewe. Nilipogeuka nikamkuta mhudumu amenizibia njia.

"Unafanya nini?"

"Namhudumia mgeni."

"Hiyo ni kazi yangu."

"Nilidhani si yako," nikamjibu, "nilidhani ni yetu sote."

Akalishika sinia upande mmoja, mimi nimelishika upande wa pili. Hakuwa amekasirika kama nilivyotarajia. Alikuwa ameumia. Akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, usinifanyie hivi katika hoteli yangu." Kisha akaangalia kule mezani, ambako mzee amekaa na mikono iliyonawa, ameiinua kidogo isiguse kitu, anangoja. Sidhani kama yuko mtu aliyelelewa na mama ambaye angeweza kuiona mikono ile akaendelea kubishana. Akaliachia sinia.

Nikaliweka mezani. Mzee akasema bismillahi, akala. Alikula vizuri sana kwa mtu aliyeshiba. Mboga ilipokaribia kwisha, bakuli jingine likatua mbele yake, na mkono uliolileta ulikuwa wa mwenye shati jeupe. Mhudumu hakuuliza. Alipopita meza ya pili nilimwona ameshika birika langu na beseni, anamnawisha mtu wa reli mwenye mafuta ya treni mpaka kwenye kucha, na yule mtu wa reli anacheka kwa kuona aibu. Hakunawisha kama boi. Alinawisha kama mwenye nyumba. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama wima namna ile, na nilifurahi kuliko nilivyotaka aone.

Niseme kweli, maharage hayakupata moto kuanzia siku hiyo, na vikombe vilibaki na nyufa zake. Lakini maji ya kunawa yalibaki. Miaka kadhaa baadaye abiria waliokuwa wakisubiri treni za Kigoma na Mwanza waliijua hoteli ile kwa hilo, na mhudumu akawa anawaeleza kwamba ni desturi ya hapo tangu zamani. Sikumkosoa, ingawa nilinung'unika kidogo nyumbani.

Siku ile tulipomaliza kula nilimsindikiza mzee mpaka kwenye lori. Akapanda mbele karibu na dereva, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani.

"Nilikuja nikijua nitakula cha ushirika," akasema, "ambacho si cha mtu."

"Ndiyo, baba."

"Maji umenimiminia wewe. Chakula umekileta wewe. Sasa nimekula chako." Alisema kwa uchungu kidogo, kama mtu aliyenaswa na mtego wake mwenyewe, ila macho yalikuwa yanacheka. "Nitakukatalia kwa mdomo gani? Leta mshenga."

Lori likaondoka na vumbi lake. Nilisimama pale barabarani mpaka niliposikia ninaitwa. Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni pa hoteli, amenyoosha mkono, anadai taulo lake lililokuwa bado begani kwangu.