Joho Nililopelekea Posa

Mimi darasa la tatu sikumaliza, lakini mitumba ya soko la Mchikichini imenijengea nyumba. Juzi mwalimu wa jiografia kaleta wanafunzi kwangu sokoni, wakatandaza ramani ya dunia, wakaweka kila nguo yangu kwenye nchi ilikotoka. Nikaduwaa. Kumbe miaka yote nimekalia dunia nzima!

"Na hili je?" nikaringa na joho langu laini lenye mkanda, lile nililovaa kupeleka posa ya mwanangu. Jibu bado tunalingoja.

Wanafunzi wenzao wa Ulaya, waliokuwa wakituona kwenye simu, wakaangua kicheko.

"Babu," mwalimu akaninong'oneza, "kwao hilo mtu hulivaa akitoka kuoga."

Nikamkumbuka baba wa binti tuliyemposa. Ulaya kaishi yule. Siku ile aliniuliza kwa upole, "Mzee mwenzangu, tumekuharakisha?"

Nami nikamjibu, "Wala! Nimejiandaa tangu alfajiri."