Bei Niliyoandika Bila Lori

Hakuna jambo la serikali ambalo lingeweza kunishangaza. Shule niliachia darasa la nne, lakini madawati ya shule nyingi za Newala yametoka kwenye karakana yangu hapa Masasi, na ofisini kwa halmashauri nilikuwa naingia bila hodi.

Walipohamishia zabuni kwenye kompyuta nilicheka. Nikapanda Newala kwa afisa manunuzi, binti wa rika la mwanangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bahasha yangu nimwachie nani?"

"Bahasha hatupokei tena. Unajaza kwenye mfumo, na muda ukifika unajifunga wenyewe."

"Hata kwangu mimi?"

"Mfumo haukujui, baba."

Wiki nzima sikutulia. Nashika randa, naiweka. Nakaa, nainuka. Siku ya mwisho nikaenda steshenari, dada wa pale akanijazia huku mimi natoka mlangoni na kurudi.

"Mtandao upo?"

"Upo, mzee. Kaa basi, unaniziba mwanga." Alipofika kwenye bei akauliza, "Hii ni pamoja na kufikisha shuleni?"

"We andika tu. Mambo ya lori yanajulikana."

Na kweli yalijulikana. Miaka yote niliandika bei ya dawati likiwa karakanani. Gharama ya lori la kupandisha kule juu tulielewana na ofisi baadaye, kwa barua ya kuomba nyongeza ya malipo. Ndivyo tulivyofanya kazi, wala hakuna aliyeona ubaya.

Nikashinda. Wenzangu walijaza bei pamoja na lori, bei zao zikawa juu ya yangu. Nilizunguka mji mzima nikijitangaza, kisha nikarudi Newala na barua yangu ya nyongeza mfukoni.

Binti hakuifungua. Aligeuza kompyuta nione.

"Mkataba unasema madawati yafike shule za Makote, Chilangala na Kitangari kwa bei uliyoweka mwenyewe. Nyongeza hiyo haipo, baba."

"Lakini nyie mnanifahamu!"

"Tunakufahamu sana. Usipoleta, utafungiwa zabuni nchi nzima. Na watoto wanakaa chini."

Kufungiwa! Mimi, mwenye mafundi saba wanaonitegemea! Nikashuka Masasi kutafuta lori, na ulikuwa msimu wa korosho. Kila lori lilikuwa na magunia.

"Leo ndiyo unatukumbuka, mzee?" dereva mmoja akanicheka. "Korosho haiombi kupunguziwa."

Siku tatu nilihangaika kwenye maegesho. Mke wangu hakunipoza.

"Si ulitangaza umeshinda? Peleka basi."

Nikapeleka. Shule tatu, safari tatu, kwa bei ya msimu. Walimu wakapokea, binti akathibitisha kwenye mfumo, na malipo ya madawati yakaingia mapema kuliko nilivyowahi kulipwa. Jina langu halikufungiwa. Lori na wapakiaji nililipa mwenyewe: shilingi milioni mbili, laki moja na elfu arobaini na tano.