Mfuko wa Baba Mkwe

Nilipochukuliwa kwenye utafiti wa sepsisi nilidhani kazi yangu itakuwa kuandika tu. Sepsisi ni pale maambukizi ya kidonda au ya mapafu yanaposambaa mwili mzima, presha inashuka na figo zinaanza kugoma. Watafiti walitaka kujua mgonjwa wa namna hiyo apewe maji ya dripu kiasi gani: mengi kwa haraka, au kidogo kidogo huku akiangaliwa. Mimi, nesi wao, nilipima maji yanayoingia na mkojo unaotoka. Nilikuwa na fomu, jagi lenye mistari, na kalamu niliyoifunga shingoni kwa uzi, maana kalamu za hospitalini hazina mwenyewe.

Hospitali yenyewe ilikuwa kando ya barabara ya malori yaendayo Rusumo. Asubuhi moja aliletwa mzee wa Kisukuma, mfugaji wa upande wa Lusahunga, mguu umevimba kwa kidonda cha mwiba na mwenyewe hajitambui. Alikuja kwa bodaboda, kati ya dereva na mke wa mwanawe, ambaye alimkumbatia kwa nyuma njia nzima ili asianguke. Mwanawe alikuwa mbali akichunga ng'ombe, simu haipatikani. Tulimwekea dripu, tukamchoma dawa, tukampitishia mpira wa mkojo ulioishia kwenye mfuko ubavuni mwa kitanda.

Siku ya pili mzee alifumbua macho na presha ikapanda. Nilifurahi sana. Lakini mfuko wake niliukuta karibu mtupu asubuhi, na mchana vilevile, na kesho yake vilevile. Daktari alisoma fomu yangu akakunja uso. Alisema mpira haujaziba, kwa hiyo figo ndizo zimegoma. Kama hadi saa kumi jioni hatujaona mkojo, mzee atapelekwa Mwanza. Presha yake ilikuwa bado inayumba, na ile barabara naijua. Niliogopa angefia njiani.

Nina hasira za karibu, na hofu huzileta karibu zaidi. Nilirudi wodini nikakuta mfuko umefunikwa tena kitenge, na yule mkwe amekaa sakafuni karibu na mlango, kakipa kitanda mgongo, kama alivyokaa siku zote tatu. Nilishamwambia mara mbili asogee kwa mgonjwa wake. Safari hii nilimfokea: ameletwa kuuguza au kupumzika, na nani kafunika mfuko wangu? Aliinamisha kichwa.

Aliyejibu ni mama wa kitanda cha pili, Mrundi wa Nemba aliyekuwa akimuuguza mumewe.

"Sista, usimgombeze. Huo mfuko namwaga mimi."

Akanieleza taratibu. Kwao yule binti, mkwe hagusi hata shuka la baba mkwe, sembuse mkojo wake. Kila akiuona mfuko alikuwa analia. Basi mama huyo, kila akienda kufua nguo za mumewe, asubuhi kabla sijafika na tena mchana, alikuwa anaumwaga chooni na kuufunika kitenge. Nikamuuliza ulikuwa unajaa kiasi gani. Akaweka kiganja juu kidogo ya nusu ya mfuko.

Sikujua nicheke au nilie. Nikacheka, na wodi nzima ikacheka na mimi, isipokuwa mkwe. Nilimkabidhi yule mama jagi langu, nikamwomba asimwage tone bila kuniita. Saa kumi haijafika, jagi lilikuwa limepita nusu lita. Daktari akafuta safari ya Mwanza.

Kwenye fomu niliandika ukweli: ulimwagwa bila kupimwa. Mkuu wa utafiti alinisema kwenye simu, nikakubali. Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Kwetu pia baba mkwe hazoelewi, na nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Tangu siku hiyo kila anayelazwa namuuliza nani wa kwao anaruhusiwa kugusa mfuko. Yule binti nilimwomba radhi. Alisema, "Haina shida, dada," na bado hakunitazama.

Wiki iliyofuata mwanawe alikuja na gari la kuazima kumchukua mzee. Mkwe alibeba furushi, akajitenga pembeni kuwapisha wanaume. Mzee alikuwa akichechemea na fimbo yake. Alipomfikia alisimama, macho yake kwenye gari. Mimi siku zote niliamini kwamba ile safari ya kuja hakumbuki chochote.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "kwenye pikipiki ulinishika. Ulinishika vizuri."

Mkwe alipiga goti palepale kwenye kokoto, furushi likiwa bado kichwani.